Kati ya 69 na 70

Chukua sarafu tatu za dhahabu zilizotoka kiwanda kimoja, mwaka mmoja, kwa chapa moja. Ya kwanza imefungwa ndani ya kasha la plastiki lenye lebo ya 70. Ya pili iko kwenye kasha kama hilo, ila lebo inasema 69. Ya tatu haina lebo. Imo ndani ya kijisanduku ilichotoka nacho kiwandani. Macho yako hayataona tofauti, na hata ukiazima lenzi ya sonara huenda usiione. Lakini bei ni tatu, na kati ya ya kwanza na ya pili pengo linaweza kuwa kubwa. Ukilipa hiyo ziada, umenunua nini hasa?

Mimi huandika kwa malipo. Wateja wangu wengi wako Marekani na sijawahi kuonana nao. Mmoja huuza sarafu za ukumbusho, na kazi yangu ni kuzieleza, maneno 150 kwa kila sarafu. Sijawahi kushika hata moja. Ila ukiandika juu ya kitu kwa muda mrefu bila kukishika, unabaki na maswali ambayo mteja hajakulipa uyaulize.

Gredi hizi hazikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon alitoa mizani ya 1 hadi 70 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za zamani. Wazo lake lilikuwa la hesabu tu: sarafu ya 70 iwe na thamani mara 70 ya ile ya 1. Hesabu ikavunjika sokoni, namba zikabaki. Mwaka 1986 kampuni ya PCGS ikaanza kuzipa sarafu gredi na kuzifunga kwenye plastiki. NGC ikafuata mwaka 1987. Sababu ilikuwa njema. Muuzaji alikuwa anaita sarafu yake safi akiuza na chafu akinunua. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini kwenye soko la watu wasioonana, kibaya nacho kinajua kuvaa suti. Ilihitajika sauti ya mtu wa tatu.

Na kwa senti iliyopita mikononi mwa watu miaka 200, mizani ile ina kazi. Kuna mikwaruzo ya kusoma, kuna nywele za sanamu zilizolika. Sarafu za ukumbusho za sasa ni habari nyingine. Marekani ilirudi kutoa za dhahabu mwaka 1984, kwa Olimpiki ya Los Angeles, na tangu hapo zinatoka kwenye mashine moja kwa moja hadi kwenye kijisanduku. Hazijawahi kununua mkate. Ukizipeleka zipimwe, nyingi hurudi na 69 au 70. Yaani ngazi yenye vipandio 70 imebaki na kimoja tu, na pesa zote zinapigania hapo.

Sisi tuliofanya KCSE tunakijua hicho kipandio. Kati ya C na C+ kuna alama chache tu, lakini upande mmoja kuna mlango wa chuo kikuu na upande wa pili hakuna. Hakuna anayeamini kwamba wawili hao wana akili tofauti. Tunaamini tu kwamba mstari lazima upite mahali.

Tena mstari wenyewe hutikisika. Wapo wakusanyaji wanaovunja kasha, wanatoa sarafu ya 69 na kuituma tena, wakitumaini safari hii mpimaji ataamka vizuri. Wakati mwingine inarudi na 70. Dhahabu ni ile ile. Halafu kuna lebo za kutangaza kwamba sarafu ni ya toleo la mwanzo. Unadhani ilipigwa kabla ya zingine? Hapana, mara nyingi maana yake ni kwamba ilifika kwa wapimaji, au ilitumwa kwao, ndani ya siku 30 tangu kuanza kuuzwa. Imepewa sifa kwa kuwahi foleni.

Mkenya ana sababu ya pekee ya kulitazama hili kwa makini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali yetu iliilipa kampuni ya Goldenberg International mabilioni ya shilingi kama fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi ambazo kwa sehemu kubwa hazikuwepo. Makaratasi yalikuwepo, na mihuri. Kilichokosekana ni dhahabu. Na hadi leo Nairobi haikosi tapeli mwenye vyeti vizuri na masanduku ya shaba.

Sasa, ningeweza kumalizia hapa kwa kusema makaratasi ni upuuzi, na ingenifaa sana. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliposhindikana. Nimeona tangazo la kazi ninayoifanya kila siku likidai shahada, na nimeambiwa sampuli zangu ni nzuri ila mfumo haunitambui. Lakini shangazi yangu alinizuia kufika huko haraka hivyo.

Shangazi ni muuguzi Marekani, wodi ya wagonjwa wa saratani. Alitaka kumnunulia binti yake sarafu ya dola 5 ya mwaka 2018, ile ya uhamasisho kuhusu saratani ya matiti. Ni dhahabu ya asilimia 85, iliyobaki karibu yote ni shaba, ndiyo maana ina wekundu wa waridi. Kila moja ilipouzwa na kiwanda, dola 35 zilitengwa kwa utafiti wa ugonjwa huo. Kiwanda kilishaacha kuiuza, kwa hivyo lazima anunue kwa mtu. Akaniuliza: yenye gredi au isiyo nayo?

Nikamwambia karatasi hujibu maswali mawili tofauti. La kwanza: je, hiki ndicho kinachodaiwa kuwa? La pili: je, hiki ni bora kuliko pacha wake? Jibu la kwanza lina thamani, hasa muuzaji akiwa mgeni. La pili, kwa sarafu hizi, ni fahari inayouzwa kwa bei ya dhahabu. "Chukua ya 69, shangazi. Uhakika ni ule ule."

Akacheka. Akasema mtihani wake wa leseni kule hautoi alama, unapita au hupiti, na hakuna mgonjwa aliyewahi kumuuliza alipata ngapi. Nikadhani tumekubaliana. "Lakini mimi nataka ya 70, mwanangu. Nimekaa nchi ya watu miaka mingi. Mgeni huombwa karatasi mara mbili. Huyu mtoto nataka awe na kitu ambacho hakuna mtu atakiuliza swali."

Sikuwa na jibu, na bado natafuta. Kuhusu sarafu, naamini niko sahihi. Kuhusu dunia, yuko sahihi yeye. Hapa kwetu anayeingia ofisini bila cheti mara nyingi ni yule mwenye mjomba ndani. Cheti ndicho mjomba wa asiye na mjomba. Ukikifuta kesho, hatutapimwa kwa uwezo wetu. Tutapimwa kwa majina yetu ya ukoo. Kwa hivyo siwezi kukidharau, hata kama kimenifungia mlango.

Ninachokikataa ni kutumia jibu la swali moja kujibu lingine. Nataka daktari wangu awe na leseni. Sihitaji mwandishi awe na gredi, nahitaji kumsoma. Isitoshe, sarafu ilikamilika siku ilipopigwa. Tangu hapo inaweza kushuka tu, ndiyo maana inafungiwa isiguswe. Mtu aliyepimwa akiwa na miaka 18 hajakamilika, na akifungiwa kwenye lebo yake ndipo anapoharibika.

Basi nawe ukiniuliza, nitakuuliza kwanza unanunua kwa nani. Kama humjui, dai kasha, na uhakikishe namba yake kwa kampuni iliyolifunga, kwa maana hata makasha hughushiwa. Kama unamjua na yuko tayari kuirudisha pesa yako, chukua ya kijisanduku. Na bei ikipanda kwa sababu ya namba moja, itazame sarafu kwanza, namba baadaye. Nchi hii ilishalipa mabilioni kwa kuanza na karatasi.