Al-Hamra: Fakhari au Mazingatio?

Yako masuali ambayo mtu haulizwi mpaka akipate alichokitamani. Mwenye njaa haulizwi kwa nini ataka kula. Lakini aliyetamani tangu utotoni kuliona jengo fulani, akajinyima, akavuka bahari, hata akasimama mbele yake, huyo ni haki aulizwe, na ni wajibu ajiulize mwenyewe: Umekuja kutafuta nini? Nawe utarudi na nini kwa watu wako?

Suali hili lilitukabili sisi kwa sababu ya Al-Hamra, ngome na majumba ya wafalme wa Granada katika nchi ya Andalusi, ambayo leo ni sehemu ya Uhispania. Jina hilo tulilisikia tungali wadogo, kwa walimu wetu, waliokuwa wakiitaja Cordoba na Granada kama mtu aitajavyo nyumba ya babu yake iliyonyang'anywa. Tukakua na picha yake moyoni, na Mwenyezi Mungu akatujaalia kufika.

Kabla hatujaendelea, yafaa tumjibu ndugu atakayesema kwamba safari kama hii haina asili, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza kufunga safari ila kwa misikiti mitatu. Hadithi hiyo ni sahihi, nasi huitumia kila siku kuwakanya wanaosafiri kwenda kuomba haja zao makaburini. Lakini makatazo hayo, kama walivyoeleza wanavyuoni wengi, yamkusudia mwenye kuitakidi kwamba mahali penyewe pana fadhila ya ibada. Ama safari ya elimu, ya biashara, ya kuwaona jamaa, au ya mazingatio, haimo humo. Na Kurani yenyewe imetuhimiza mara nyingi tutembee katika nchi tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Kwa hivyo kosa haliko katika kwenda. Kosa laweza kuwa katika namna ya kutazama.

Basi tulitazama nini? Tuliona kilima, na juu yake kuta za rangi ya wekundu, ambao ndio uliolipa jengo jina lake. Tuliona maji yaliyoletwa kutoka mto Darro kwa mfereji wa masafa marefu, yakapandishwa hata juu ya kilima, yakagawanywa katika mabirika na bustani, na hata leo yangali yakipita. Tuliona Ua wa Simba, uliojengwa zama za Muhammad wa Tano katika karne ya 14, na simba wake 12 wa marumaru walibebao birika. Na kila tulipogeuza uso, ukutani, juu ya nguzo na pembezoni mwa madirisha, tuliona maneno yale yale yamekaririwa kwa khati nzuri: Hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kauli ya ukoo wa Banu Nasr, waliotawala Granada tangu 1238 hata 1492.

Hatutaficha kwamba moyo ulijaa. Nani asiyejisikia mkubwa aonapo kazi kama ile akaambiwa kwamba waliosali kama asalivyo yeye ndio walioifanya? Lakini fakhari ina tabia ya mvinyo: huanza kwa kuchangamsha na huisha kwa kulaza. Na mtu akitaka kujua kama amelewa, na aisome tarehe ya jengo lile pamoja na kuyatazama mapambo yake.

Aliyeusimamisha ufalme ule, Muhammad bin al-Ahmar, aliulinda kwa kuwa chini ya mfalme wa Castile. Na mfalme huyo alipouzingira mji wa Kiislamu wa Sevilla, ulioanguka 1248, Ibn al-Ahmar alipeleka wapanda farasi wake kumsaidia. Yasimuliwa kwamba aliporudi, watu walimpokea kwa kumwita mshindi, naye akawajibu kwa maneno yale yaliyoko kutani. Ikiwa kisa hiki ni kweli au ni cha wasimulizi, maana yake haikwepeki: neno tukufu kabisa laweza kuandikwa juu ya ukuta na mwenye nyumba akawa na jambo la kutubia.

Tena lile birika la simba limezungukwa na mashairi ya Ibn Zamrak. Mshairi huyu alikuwa mwanafunzi wa Ibn al-Khatib, waziri, tabibu na mwandishi aliyekuwa bahari ya elimu. Ibn al-Khatib alipokosana na wakubwa alikimbilia Morocco. Baadhi ya vitabu vyake vikachomwa moto huku Granada. Kisha akashitakiwa Fez, na mwanafunzi wake mwenyewe akawa miongoni mwa waliomsimamia mashitaka, hata mzee yule akanyongwa gerezani mwaka 1374. Sisi tumezoea kulia kwamba Kardinali Cisneros alivichoma vitabu vya Kiarabu vya Granada baada ya ushindi wa Wakristo. Tuna haki ya kulia. Lakini je, tumepata kufundishwa kwamba moto wa kwanza tuliuwasha wenyewe?

Na ulipofika wakati wa dhiki, mfalme Abul-Hasan akapigana na mwanawe Abu Abdillah, na huyo akapigana na ami yake, na huku Castile na Aragon zimeungana. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Malaga ikaenda 1487, na tarehe 2 Januari 1492 Abu Abdillah akazitoa funguo za Granada.

Hatusemi haya ili kuwatakasa washindi. Waliahidi kwa mkataba kwamba Waislamu wataachiwa dini yao, mali yao na misikiti yao. Miaka kumi haijatimia wakawalazimisha kubatizwa, na tangu 1609 hata 1614 wakawafukuza wazao wao. Hiyo ni khiyana, na itabaki khiyana. Lakini dhulma ya jirani haimponyi mgonjwa maradhi yaliyokuwa ndani ya mwili wake.

Wala haya si mambo ya huko mbali tu. Miaka sita baada ya Granada, mwaka 1498, Vasco da Gama alifika pwani yetu. Mombasa haikumpokea kwa wema. Malindi, kwa ule ugomvi wake na Mombasa, ikamfungulia mlango na kumpatia rubani wa kumvusha kwenda Bara Hindi. Mwaka 1505 Mombasa ikatiwa moto na Wareno. Mwenye kumlaumu Ibn al-Ahmar kwa farasi wa Sevilla na amkumbuke na yule rubani.

Atasema msomaji: Je, mwatutaka tuudharau uzuri, na tuwasahau wazee wetu? Mwacha asili ni mtumwa! Twajibu: Hasha. Mwenyezi Mungu ni mzuri na apenda uzuri, na mafundi wale wastahili dua zetu. Lakini asili ni ipi? Asili si marumaru. Asili ni elimu ya kupima iliyoyapandisha maji kilimani; ni subira ya fundi aliyekata herufi moja hata ikanyoka; ni madrasa aliyoijenga Yusuf wa Kwanza mjini Granada mwaka 1349. Hiyo ndiyo asili iliyoachwa. Mtu ajivuniaye jengo la wazee na chuo cha mtaani kwake kinavuja, na mwalimu wake hajalipwa miezi mitatu, huyo hakuirithi Andalusi. Ameirithi picha yake tu. Na ndugu wawili wanaosali Idi siku mbili mbalimbali katika mji mmoja, kila mmoja asimpe mwenziwe salamu, wamerithi kitu kingine cha Granada, nacho si simba wa marumaru.

Upande wa pili wa bonde, katika mtaa wa Albaicín, umejengwa msikiti uliofunguliwa mwaka 2003, na kutoka uani mwake yaonekana Al-Hamra yote. Si mkubwa, na kuta zake nyeupe hazina ajabu. Mamilioni ya watu hununua tiketi kila mwaka waione ngome. Msikitini huingia wachache, bila ya tiketi, wakatawadha wakasali. Tukajiuliza: Lau Ibn al-Khatib angefufuliwa leo, angekwenda kukaa wapi katika mahali pawili hapo? Twadhani angetafuta penye watu wanaosoma.

Basi aendaye Al-Hamra na aende, alie akitaka kulia. Lakini akirudi, asitupe hesabu ya nguzo alizoziona. Atuambie ni ugomvi gani anaokusudia kuumaliza, na ni mtoto wa nani atakayemlipia karo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.