DAMU YA NANI ITAMFAA MTOTO?

Katika nchi yetu ya Handeni na Korogwe ni wachungaji na waalimu wachache wasiowahi kuitwa usiku penye kitanda cha mtoto aliyepungukiwa damu. Malaria yatutesa tangu zamani, nao watoto waliozaliwa kabla ya wakati huishiwa upesi. Usiku mmoja tuliitwa hivyo. Babu wa mtoto alikataa damu ya mtu asiyemjua, akasema, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Nasi, kwa haraka ya kuokoa, tukamsihi kijana mmoja wa ukoo ule, mbele ya wote, atoe damu. Akatoa kimya. Kisha akatufuata gizani, akaungama kwamba maswali ya mganga hakuyajibu kwa kweli. Tukarudi naye, na damu yake ikawekwa kando.

Tangu siku ile twajiuliza: damu ya nani impasayo mtoto? Na kosa lile lilikuwa la nani?

Tusimcheke yule babu. Wazee wetu waliijua damu kuwa kifungo cha undugu. Lakini masimulizi ya Wakilindi yasema kwamba Mbega, alipokaa Kilindi, alichanjiana na mwana wa mtawala, wala hawakuwa wa ukoo mmoja. Basi hata zamani damu ilivuka mipaka ya ukoo.

Sasa tuwasikie waganga. Mtoto wa kilo 2 ana damu ipatayo mililita 160 tu, haijazi kikombe cha chai. Kidogo atiwacho ni sehemu kubwa ya uhai wake, kwa hiyo hali ya mtoaji yamhusu sana. Mwaka 1901 Karl Landsteiner wa Vienna alitangaza makundi ya damu. Tangu hapo twajua kwamba hata ndugu wa tumbo moja waweza wasipatane. Tena damu ya jamaa wa karibu, isipotiwa mionzi kwanza, ina hatari yake: chembe zake nyeupe zaweza kukaa mwilini mwa mtoto bila kutambuliwa kuwa ngeni, kisha zikamshambulia. Jambo hili ni nadra, lakini huua.

Wataalamu wachunguza hata umri wa mtoaji, na kama ni mume au mke. Mwaka 2021 wale wa Atlanta, Marekani, waliandika kwamba watoto wadogo sana waliotiwa damu ya wanawake walipatwa na madhara machache zaidi. Lakini watoto hao hawakuwa wengi, wala jambo hilo halijathibitika.

Umri wetu hatuwezi kuubadili. Kweli twaiweza. Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ulioanzishwa mwaka 2004, hupima Ukimwi, homa ya ini na kaswende. Lakini ugonjwa ulioingia juzi waweza kujificha katika kipimo. Hapo mlinzi wa mtoto ni ulimi wa mtoaji. Naye aliyezungukwa na shangazi wanaolia atasemaje, "Mimi sifai"? Atadanganya kwa upendo, na upendo huo waweza kuua.

Kwa hiyo twakiri: kijana yule alikosa, lakini sisi tuliomfunga kwa aibu tulikosa zaidi. Mtu asisihiwe mbele ya watu. Aachiwe nafasi ya kukataa pasipo kuulizwa sababu.

Tena, tutoe kabla ya kuitwa. Mwenye afya, wa miaka 18 hata 65, mwenye kilo 50 au zaidi, aweza kutoa: mwanamume kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4. Mfuko mmoja waweza kugawiwa watoto kadhaa. Msamaria hakuuliza ukoo wa yule aliyelala njiani.

Mtoto yule alipona kwa damu iliyotoka benki ya damu. Babu yake angali akiuliza amshukuru nani, nasi hatuna jina la kumpa.