Vyombo vya Kuazima

Somo: 2 Wafalme 4:1–7 na 6:1–7

Jumapili tulisoma habari ya yule mjane. Mume amekufa, deni limebaki, na anayewadai yuko njiani kuja kuchukua vijana wake wawili wawe watumwa. Mahubiri mengi hukimbilia mafuta. Leo nataka tukae kwenye vyombo.

Elisha hakumtuma sokoni. Alimuuliza kwanza ana nini nyumbani, kisha akamwambia aende kwa majirani wote aazime vyombo vitupu, tena visiwe vichache. Hebu fikiria aibu ya huyo mama! Mtaa mzima unajua ana deni, na sasa anabisha kila mlango. Mungu aliyeongeza mafuta angeshindwa kuongeza mitungi? Mimi naona alitaka muujiza upitie kwa jirani.

Sasa njoo Galbet. Kama pesa ni jasho langu na fungu la kumi nimetoa, kuna ubaya gani nikinunua kitu kipya? Sisemi kiti kipya ni dhambi. Lakini wengi wetu hapa ni watu wa kuja kutoka "down Kenya": walimu, askari, wauguzi, wafanyabiashara. Tukifika Garissa tunanunua godoro, meza, friji, kila kitu. Transfer ikitoka tunauza kwa bei ya kutupa, halafu tunanunua tena huko tuendako. Nilisomea biashara, na tulifundishwa kwamba kitu kinashuka thamani mara tu kinapotoka dukani. Hatukufundishwa hasara ile nyingine: mwenye kila kitu hana sababu ya kubisha kwa jirani. Una sufuria yako kubwa, ngazi yako, nyundo yako. Unaweza kumaliza miaka mitano hapa bila kujua jina la mama wa nyumba ya pili.

Kwetu hilo si jambo dogo. Tangu Aprili 2, 2015, watu 148 walipouawa pale Chuo Kikuu cha Garissa, wengi tumejifunza kuishi nyuma ya geti. Siwalaumu. Ila geti halijui jina lako. Mama Muislamu aliyekuazima sufuria analijua, na wewe unajua usipike humo kitu asichokula. Unairudisha imeoshwa, mnasalimiana, anauliza kama mtoto alipona. Hapo ujirani umeanza.

Hata wafugaji wa huku wangetufundisha. Nyumba yao ya jadi, aqal, ni fito zilizopindwa na mikeka. Malisho yakiisha inafunguliwa, inapakiwa juu ya ngamia, safari. Anayehama na nyumba yake hujiuliza mara mbili kabla ya kuongeza kitu. Sisi tunaongeza tu, na tunachotupa kinawarudia wao, maana mbuzi wanakula plastiki yetu. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 28, 2017, lakini ndoo iliyopasuka bado inatupwa tu.

Ndugu mmoja mwenye duka aliniuliza, "Pasta, washirika wakiacha kununua, mimi nitakula nini? Na sadaka itatoka wapi?" Swali zuri, na siwezi kumficha: makochi atauza machache. Lakini pesa hiyo haipotei. Itaenda kwa fundi cherehani, kwa fundi viatu, kwa kijana wa jua kali anayechomelea kitanda kilichovunjika, ama itabaki ya karo. Kinachonitisha mimi ni kochi la mkopo wa simu. Mjane alikuwa na mdai njiani. Sisi tunaye mfukoni, na kila asubuhi anatuma meseji.

Mwingine atasema, ah, watu wakiazima hawarudishi. Kweli kabisa! Soma sura ya sita. Shoka limezama Yordani na yule kijana analia kwa sababu lilikuwa la kuazima. Mungu akafanya chuma kielee ili kitu cha wenyewe kirudi. Na wewe umekaa na ngazi ya watu tangu Krismasi, wala haijazama popote.

Tena kutonunua kipya kusiwe njia ya kumpa maskini takataka. Malaki 1:8 inakemea waliomletea Mungu mnyama kilema. Shati unaloona aibu kulivaa, usimletee mjane ukaita sadaka. Kanzu mbili za Luka 3:11, naamini zote zilikuwa za kuvalika.

Kamati ya harusi ya mwezi ujao imeniletea bajeti yenye sufuria mpya sita na viti hamsini. Nimeirudisha. Nimeomba wapite kwanza nyumba kumi, na angalau tano ziwe za majirani wasiosali nasi. Wakiazima kwao, wawaalike pia, na chakula chao kiandaliwe kwa namna wanayoweza kula. Baada ya hapo, kama viti bado havitoshi, nitatia sahihi.