Chupa ya mafuta na deni la nyumba

Masomo ya kusoma: 2 Wafalme 4:1-7, Marko 7:9-13, 2 Wakorintho 12:14



Mwezi wa nane ndio mwezi ambao mchungaji wa hapa Lubumbashi anapata wageni wengi usiku. Baba anabisha mlango, anakaa, anaomba maji ya kunywa, anauliza habari ya watoto, na mwishowe anasema: Baba mchungaji, uniombee, masomo yanafunguliwa mwezi wa tisa na mimi sina kitu. Ninaomba pamoja naye. Lakini safari hii nimeona vema kusema mbele ya wote yale ambayo nimekuwa nikimwambia kila mmoja kwa siri, na pia kuungama kosa langu mwenyewe, kwa maana mtu hawezi kufundisha juu ya pesa huku anaficha sehemu yake.

Tazameni kwanza yule mjane wa wakati wa Elisha. Mume wake alikuwa katika wana wa manabii. Maandiko yanashuhudia kwamba alimcha Bwana. Hakuwa mlevi, hakuwa na nyumba ya pili mtaani. Hata hivyo alikufa akaacha deni, na mwenye kudai akaja kuchukua watoto wawili wawe watumwa. Sisi watu wa maombi tusipite hapa haraka. Tumezoea kufikiri kwamba mtu anayefunga na kuomba, deni litamwogopa. Huyu alimcha Mungu na deni halikumwogopa. Na waliotaka kulipa deni hilo kwa miili yao ni watoto, ambao hawakukopa hata senti moja. Leo hakuna mtu anayekuja kuwafunga kamba watoto wetu, lakini mtoto anayefukuzwa darasani, anayekaa barabarani kuuza maji ya mifuko mchana kutwa, yeye analipa deni la nani?

Mama yule alipolia, nabii hakumwambia kwanza alete sadaka. Alimwuliza iko nini ndani ya nyumba. Akajibu kwamba hakuna kitu, ila chupa ya mafuta. Ninyi wamama mnalijua jibu hilo. Kila mtu ninayemwuliza ananiambia: Mchungaji, hakuna. Tukikaa na karatasi na kalamu tunaandika yote, mshahara, vibarua, makala anayouza mama mbele ya nyumba, kodi ya chumba kimoja, na pia yale yanayotoka: unga, makala ya kupikia, mafuta, sabuni, dawa, usafiri, uniti za simu, pombe kwa wengine. Hapo ndipo baba anaanza kukuna kichwa. Kile kidogo kilikuwapo, lakini kilikuwa kinatoka bila jina.

Najua neno ambalo wazee watanijibu. Watasema: sisi tuliweka akiba, na ikatuangukia. Wanasema kweli, na sitaki kijana awacheke. Tarehe 25 Desemba 1979 serikali iliondoa noti za zaire 5 na 10, na aliyekuwa nazo nyingi katika sanduku, hasa kule vijijini mbali na banki, aliamka na makaratasi. Mwaka 1991 kule Kinshasa watu walipeleka pesa zao kwa Bindo na wenzake walioahidi kuzizidisha kwa muda mfupi, na wengi hawakuziona tena. Mwezi wa kumi 1993 zaire 3,000,000 za zamani ziligeuka kuwa zaire mpya 1. Tena tarehe 30 Juni 1998, zaire mpya 100,000 ziligeuka kuwa franka 1. Fanyeni hesabu: franka moja ya siku ile ilikuwa zaire miliardi 300 za kabla ya 1993. Mzazi aliyepita katika moto huo akisema heri kula leo, si mpumbavu. Amefundishwa hivyo na nchi.

Lakini mafundisho yale yalikuwa juu ya karatasi, hayakuwa juu ya kuchunga. Yusufu kule Misri, katika Mwanzo 41, hakuweka fedha katika sanduku. Aliweka sehemu ya tano ya nafaka. Sisi huku Katanga tunajua kwamba mahindi yanavunwa mwezi wa nne na wa tano, na wakati ule bei inashuka. Kufika Krismasi na mwezi wa pili, mvua ikiwa bado na ghala tupu, meka ya unga inapanda hata mama anapika bukari nusu. Mwenye kununua gunia mbili za mahindi mwezi wa tano, akazikausha vizuri, akaziweka juu ya mbao mbali na ukuta wenye unyevu, amekwisha kuweka akiba, hata kama hajui kuiita kwa jina hilo. Kile ambacho hatakitoa kwa unga wa bei kali katika mwezi wa pili, kitalipa masomo ya mtoto wa sekondari. Ila asiyakaushe haraka haraka. Wadudu nao wanapenda akiba yako.

Wengine wanaweka dola chini ya godoro. Ni sawa, lakini mnajua wenyewe kwamba dola iliyochanika kidogo tu, mfanyabiashara wa Lubumbashi anaikataa kama vile imetoka kaburini. Panya hajui hayo. Wengine wanaweka katika simu. Nayo ni sawa, kama namba ya siri haijulikani na mtaa mzima.

Wamama wana likelemba, na mimi naisifu. Wamama 10 wakitoa kila mwezi franka 25,000 kila mmoja, kila mwezi mmoja wao anashika 250,000. Pesa haikuzaa, haikuongezeka hata kidogo, lakini imekusanywa na macho ya wenzako tisa yanakulinda usiile. Hapo pana hatari moja: yule anayeshika mwezi wa kwanza halafu anaanza kuugua kila siku ya kutoa. Kwa hiyo chagueni watu mnaojua nyumba zao. Na anayesomesha watoto wengi apewe zamu ya mwezi wa nane. Wasio na watoto wa sekondari wamwachie. Huo nao ni upendo, tena unashikika mkononi.

Asiyekuwa na 25,000 aanze na 5,000 kwa juma. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 16, aliwaagiza watu watenge kitu nyumbani siku ya kwanza ya kila juma, kila mmoja kwa kadiri alivyopata. Kwa majuma 52 hiyo ni franka 260,000. Linganisheni na yule anayekwenda mwezi wa tisa kwa banki lambert ya mtaani, anachukua 100,000 na kurudisha 150,000 mwisho wa mwezi. Zile 50,000 za juu ni majuma 10 ya akiba yake, amempa mtu mwingine bure. Na asipolipa, jirani anachukua televisheni, au sufuria, au matusi mbele ya watoto.

Tangu mwaka 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali yametangazwa kuwa ya bure, tunamshukuru Mungu. Lakini baba asifikiri amepumzika. Daftari, viatu, shati nyeupe na kitambaa cha buluu havikutangazwa bure, na mtoto akivuka kuingia sekondari malipo yanaanza, mpaka ile pesa ya Examen d'État katika mwaka wa mwisho. Mtoto wa miaka sita ambaye leo hakulipii, unajua tayari ni mwaka gani atafika huko. Luka 14 inasema juu ya mtu anayejenga mnara bila kukaa kwanza na kuhesabu gharama. Mtoto ni mnara wa miaka 12 na zaidi.

Sasa kosa langu.

Miaka iliyopita tulikuwa tunanunua mabati ya nyumba ya ibada. Mnajua jinsi tunavyofanya: wamama upande huu, wababa upande huu, vijana huku, ngoma inapigwa, kila kundi linakwenda mbele kutoa, na mimi nikisimama na kutaja kiasi kwa sauti. Siku ile nilitaja pia majina. Wamama walikuwa nyuma ya wababa kwa kitu kidogo, nami nikasema maneno ya kuwachoma. Mama mmoja, mjane, akasimama, akatoka nje, akarudi na bahasha. Wamama wakashinda. Tulipiga vigelegele. Nilimbariki mbele ya watu wote.

Bahasha ile ilikuwa pesa ya Examen d'État ya binti yake. Alitumaini kwamba Mungu angeirudisha kabla ya siku ya mwisho ya kulipa. Siku ilipita. Nilikuja kujua mwezi wa saba, nilipomkuta binti kando ya barabara anauza maandazi, nikamwuliza kama mtihani ulikuwa mgumu. Alitazama chini akasema: Papa mchungaji, mimi sikuufanya.

Sikulala. Nilisoma Marko 7, pale Bwana anawakemea wanaosema kitu hiki ni Korbani, kimetolewa kwa Mungu, na kwa neno hilo wanawanyima wazazi wao haki yao. Niliona kwamba sisi tulifanya hivyo hivyo upande wa pili, kwa watoto. Niliita wazee wa kanisa. Mzee mmoja, mtu ninayemheshimu hata leo, alisema kilichotolewa madhabahuni hakirudi. Mwingine akasema mabati yamekwisha kupigiliwa, je, tupande kuyang'oa? Tulibishana jioni mbili. Mwishowe hatukugusa sanduku la kanisa. Tulichanga sisi wenyewe, mimi nikitoa sehemu kubwa, tukampelekea yule mama kidogo kidogo kwa miezi minne. Binti alifanya mtihani mwaka uliofuata. Mwaka wake mmoja hatukumrudishia, wala hatuna mahali pa kuutoa.

Tangu siku hiyo katika parokia yetu jina la mtu halitajwi tena pamoja na kiasi. Ngoma tunapiga bado, kwa maana Bwana anapenda furaha. Kuna waliosema sadaka itapungua. Kwa miezi ya kwanza ilipungua kweli, sitawadanganya.

Rudini kwa Elisha. Mafuta yalipojaa katika vyombo vyote, yule mama alikwenda kwa mtu wa Mungu kumwuliza afanye nini. Hiyo ilikuwa nafasi nzuri ya nabii kusema: na nyumba ya manabii je? Hakusema. Alimwambia auze, alipe deni, na kilichobaki kiwe chakula chake na cha wanawe. Deni kwanza, watoto pamoja naye. Atakayetoa sadaka atoe katika hesabu aliyoifanya nyumbani akiwa na akili tulivu, wala si katika bahasha yenye jina la mtoto. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba si kazi ya watoto kuwawekea akiba wazazi. Ni wazazi wanaowawekea watoto.

Tena angalieni mlango. Nabii alimwambia mama aufunge, abaki ndani yeye na wanawe. Wale wana walikuwa wanamletea vyombo wakati anamimina. Walijua deni, waliona mafuta, waliona chombo cha mwisho. Sisi tunawaficha watoto kila kitu, halafu tunashangaa wanapoomba viatu vya bei. Na mbaya kuliko hiyo, baba anamficha mama mshahara wake, mama anamficha baba faida ya makala, kila mmoja ana mfuko wake gizani, na katikati mtoto hana kalamu. Mlango ufungwe kwa watu wa nje, usifungwe kati ya mume na mke.

Juu ya ndugu wa ukoo sitasema mengi, kwa maana wako hata katika ibada hii. Shemeji atakuja, kilio kitakuja, mgonjwa atatoka kijijini. Huwezi kuwafungia mlango na ukabaki mtu. Lakini tenga kitu kidogo cha kilio peke yake, hata 2,000 kwa juma, ili siku ya kilio usifungue bahasha ya masomo. Kikiisha, sema kimeisha, nenda ukalie na ndugu zako kwa mikono mitupu. Wanaokupenda watakupa kiti.

Jumapili ijayo baada ya ibada tutabaki kidogo nje, pale kivulini. Kila nyumba ilete daftari na kalamu, mume na mke pamoja, na mtoto mmoja anayejua hesabu vizuri kuliko wazazi. Mama wa sanduku la likelemba ataandika zamu mpya, na zamu ya mwezi wa nane itaanza na wenye watoto wa mwaka wa sita sekondari. Yule mjane niliyemtaja amekubali kuwa mmoja wa wenye kuchunga daftari la hesabu. Nilimwomba mwenyewe, akaniuliza kama nitakubali aniambie hapana siku nitakapokuja na ngoma. Nilimjibu ndiyo.

Amina.