Mgeni wa Majuma Mawili na Mtoto Yatima

Wazazi kadhaa wametuuliza kama si afadhali kumwandikisha mtoto kuwa yatima, hali mama yake yu hai, ili apokelewe kwenye kituo ambako wageni wa ng'ambo huja kujitolea. Huko, wanasema, kuna kitanda, viatu, uji wa asubuhi, na mzungu wa kucheza na watoto.

Wageni hao hatuwadharau. Wengi ni vijana wa kanisa kama wetu, wamejilipia nauli, na wanalia siku ya kuondoka. Lakini upendo wa majuma mawili unamwachia mtoto nini? Anamzoea mmoja, anamwita mama, kisha gari linakuja. Baada ya mwezi anafika mwingine. Mtoto aliyekwisha kupoteza watu wake njiani anaachwa tena na tena, kila mara kwa picha na zawadi. Sisi watu wazima tuliokimbia tunajua kuachwa kunavyouma, nasi tulikuwa na akili ya kuelewa.

Tena kuna biashara. Palipo na sadaka ya yatima, yatima hutafutwa, hata wenye wazazi. Kenya, serikali ilisimamisha uandikishaji wa vituo vipya Novemba 2017, na mwaka 2022 ikatoa mpango wa miaka 10 wa kuwarudisha watoto katika familia. Huko huko Nairobi, kijana wa Oklahoma, Marekani, alikwenda kujitolea kwenye kituo cha watoto. Mwaka 2016 mahakama ya kwao ilimfunga miaka 40 kwa kuwanajisi watoto hao. Hatusemi wote ni hivyo. Tunasema mlango unaofunguliwa kwa kila mwenye nauli hauna mlinzi.

Msomeni tena Yakobo 1:27. Yatima na mjane wametajwa pamoja, katika dhiki yao. Sisi tunapenda kumchukua yatima na kumwacha mjane, maana mjane hapendezi katika picha. Na binti Farao alipomwokota Musa (Kutoka 2), mshahara wa malezi ulimfikia mama mzazi. Hakujua kuwa ndiye mama yake, lakini mtoto alinyonya kwao. Tungependa wafadhili wote wakosee namna hiyo!

Mama mmoja alitujibu: "Mchungaji, maneno hayo hayageuki bukari." Ana haki. Hatuwezi kumwambia amshike mtoto wake huku sisi tumekunja mikono. Mgawo ni mdogo, na kuna siku chisense kidogo ndicho kitoweo cha watu wanane. Lakini tangu 2017, watu walipoanza kuvuka kwa wingi kutoka upande wa Pweto na Moba, ziko nyumba Mantapala zilizompokea mtoto aliyefika peke yake. Anakula sahani ile ile, anagombezwa kama wengine, na jioni akichelewa kuna anayemtafuta. Hakuna mgeni aliyevuka bahari kuwapiga picha wanaowalea.

Basi Jumapili ijayo, baada ya ibada, mashemasi watapita katika nyumba hizo, Mantapala na huku Kabuta. Mwenye unga, sabuni, daftari, au saa mbili za kufundisha kusoma, aongee nao. Vijana mliotuuliza habari za kujitolea nchi za mbali, nanyi njooni. Ila mtakayemwanzia, mrudieni kila juma.