Je, Ni Vema Kuyatengeneza Meno?

Katika vijiji vya Nachingwea na Ruangwa, korosho na ufuta vikisha kuuzwa, kila mtu hufanya shauri la fedha zake. Mmoja hununua bati, mwingine humnunulia mtoto sare na madaftari. Siku hizi wako na vijana wafanyao shauri la meno: wataka yawe meupe, au yapangwe sawasawa, au pengo lizibwe. Wazee huwaambia, "Huko ni kuisahihisha kazi ya Mungu." Vijana nao hujibu, "Mbona ninyi mlichonga?" Jawabu hilo lina nguvu, wala haitupasi kulipita kimya.

Ni kweli kwamba zamani Wamakonde na Wamakua walichonga meno ya mbele yakawa na ncha, na wanawake wa Kimwera, kama jirani zao, walitoboa mdomo wa juu wakatia ndonya. Waliyavumilia maumivu ili wapendeze machoni pa watu wao. Leo desturi hizo zimeachwa, na lile lililosifiwa na babu huenda likachekwa na mjukuu. Tena tuutazame mwanya. Kwetu watu huusifu, hata wako wachongeshao meno ili waupate. Kwingineko duniani watu hutoa fedha nyingi ili uzibwe. Basi uzuri wa meno haumo katika meno peke yake. Umo pia katika macho ya majirani, na macho hayo hubadilika.

Lakini jino lililopunguzwa halirudi, na hapa ndipo penye shauri zito. Ganda la nje la jino, liitwalo enameli, ni gumu kupita mfupa, walakini likisha kuondolewa halioti tena. Waganga wa meno wana njia nyingi, wala si zote sawa. Dawa ya kung'arisha, ikitiwa na mganga aliyefundishwa, hailipunguzi jino, ingawa huweza kuleta ganzi ya siku chache, na weupe wake hufifia. Waya huyasukuma meno polepole kwa miezi mingi hata yapangike. Pengo laweza kuzibwa kwa jino la bandia la kuvaa na kuvua. Bali gamba jembamba la kaure ligandishwalo mbele ya jino, mara nyingi hutaka enameli ikwanguliwe kwanza. Na gamba hilo likichakaa, hapana budi kutiwa jingine. Naye asuguaye meno nyumbani kwa ndimu au mchanga hulila ganda lile lile, asijue.

Je, kutaka kupendeza ni dhambi? Hatudhani hivyo. Samweli alipokwenda nyumbani kwa Yese alifundishwa asimchague mtu kwa sura yake. Hata hivyo Maandiko hayafichi kwamba Daudi alikuwa mzuri wa uso. Tena, aliyeanguka mkorosho akavunjika jino, au aliyekulia sehemu za Arusha zenye maji ya floridi nyingi, meno yake yakatoka na rangi ya kahawia, akitafuta msaada hana majivuno. Ataka kucheka pamoja na wenzake.

Kwa hiyo kijana, kabla hajatoa fedha zake, na ajiulize: "Nikibadili nia mwakani, je, nitaweza kurudi nilipokuwa?" Kama haiwezekani, asiende upesi. Na kama fedha ni chache, jino liumalo litangulie jino lisilopendeza. Kwa maana wako watu vijijini mwetu ambao hawalali kwa maumivu, na fedha za meno zimekwisha kutumika kwa weupe.

Lakini tusimhukumu kijana peke yake. Yeye hakuzaliwa akiyaonea haya meno yake. Alifundishwa na vicheko vyetu, kisimani, shuleni, hata mlangoni pa kanisa. Mtoto aitwaye kwa jina la pengo lake hujifunza kufunika mdomo kwa mkono, na mkono huo mganga hawezi kuuondoa. Tukitaka vijana wasiyaharibu meno yao mazima kwa kuogopa macho ya watu, yatupasa kwanza kuacha kuwacheka.