Mwanafunzi na Jambo Lisilo Kitabuni



Likizo za vyuo vikuu zinapokaribia, katika nyumba nyingi za nchi yetu hutazamiwa mgeni mmoja: mtoto aliyekwenda kusoma. Mama amekwisha kuweka akiba ya mchele. Baba amekwisha kupanga ni shamba lipi litakalovunwa kwanza, maana mikono itaongezeka. Kumbe badala ya mtoto hufika ujumbe wa simu: “Shikamooni wazazi. Mwaka huu sitarudi mapema. Mwalimu wetu ameniomba nibaki nimsaidie kazi ya utafiti.” Baba huusoma ujumbe ule mara ya pili, kisha huuliza swali ambalo si la kijinga hata kidogo: Je, tulimpeleka mtoto kusoma, ama tulimpeleka kuwa mtumishi wa mwalimu wake?

Swali hili lastahili jibu la haki, wala halijibiwi kwa kumcheka mzee kwamba hajui mambo ya kisasa. Ng’ombe aliyeuzwa ili karo ipatikane alikuwa wake. Basi na tulipime jambo lenyewe.

Kuna kujifunza kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kupokea yale ambayo wengine wamekwisha kuyajua. Ni jambo jema, na pasipo hilo hakuna awezaye kwenda mbele. Namna ya pili ni kusimama mbele ya jambo ambalo jibu lake halimo kitabuni, wala mwalimu mwenyewe halijui, na kulitafuta kwa kupima, kuhesabu na kungoja. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ambaye hakuionja namna hii ya pili huondoka chuoni akidhani kwamba elimu ni ghala lililokwisha kujazwa, ambalo kazi yake ni kubeba gunia moja na kutoka. Kumbe elimu ni shamba, na shamba hutaka mkulima.

Tunao mfano wa nyumbani. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, huko Lushoto, kijana mmoja jina lake Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, ndipo kuyatia katika jokofu. Nafasi ndani ya jokofu ilikuwa haba, naye kwa kuogopa kuikosa aliyatia maziwa yake yangali ya moto. Alipofungua baadaye aliona ya kwake yamekwisha kuganda, na ya mwenzake aliyeyatia bila kuyachemsha bado. Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia sababu, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa. Hakusahau. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na huko nako swali lake likageuzwa mzaha.

Siku moja alifika shuleni hapo Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba alisimama akauliza: ukichukua vyombo viwili vyenye maji ya kiasi kimoja, kimoja kina joto la digrii 35 na kingine digrii 100, ukavitia katika jokofu, kile cha digrii 100 huganda kwanza, kwa nini? Wenzake walicheka. Osborne hakucheka. Aliporudi chuoni alimwagiza fundi wa maabara alijaribu jambo lile. Fundi alileta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza. Lakini akaahidi kwamba watarudia jaribio hata wapate jibu lililo sawa! Mwaka 1969 mwalimu na mwanafunzi waliandika makala pamoja katika jarida la Physics Education, jina la Mpemba likitangulia. Hata leo wataalamu wa dunia huliita jambo hilo kwa jina lake.

Hatusemi haya ili tujivune tu. Wala hatusemi kwamba swali limekwisha. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kiliwaalika watu kulieleza, yakaja majibu zaidi ya 22,000. Na mwaka 2016 walitokea watafiti waliopima kwa uangalifu wakaona kwamba huenda hapana tofauti yoyote, ila makosa madogo ya kupimia. Basi fadhila ya Mpemba ilikuwa nini, ikiwa hata leo wenye elimu wanabishana? Fadhila yake ni kwamba alisema alichokiona, na hakukubali kusema alichokuwa hakukiona ili apate kusifiwa. Na fadhila ya Osborne ni kwamba alijua swali halipimwi kwa umri wa mwulizaji. Bali yule fundi, kwa maneno yale machache, alituonyesha kishawishi kikubwa cha kazi hii: kuwa na jibu kwanza, kisha kuulazimisha ulimwengu ulikubali.

Hapo ndipo utafiti unapokuwa jambo la dhamiri. Katika vyuo vyetu vingi mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hutakiwa kufanya utafiti mdogo na kuandika ripoti yake. Twajua pia kwamba wako wanaowalipa wengine wawaandikie, na wako wanaonakili ya mwaka uliopita wakabadili jina la wilaya. Tuchukue mfano wa kijana aliyetumwa kuhesabu viluwiluwi vya mbu katika madimbwi 40. Jua ni kali, matope ni mengi. Amefika madimbwi 15, akaketi chini ya mwembe, akajaza hesabu za yale 25 yaliyobaki kwa kukisia. Nani atajua? Huenda hapana atakayejua. Lakini hesabu zile zitajumlishwa na nyingine, na siku moja afisa wa afya atazisoma akaamua ni kijiji gani kitapelekewa dawa na kipi kitangoja. Mtoto atakayeugua katika kijiji kile kilichoambiwa kingoje hatajua kamwe kwamba uongo ulioandikwa chini ya mwembe ulimfikia. Njia ya mwongo ni fupi kwake mwenyewe. Kwa wengine yaweza kuwa ndefu sana.

Upande wa pili yupo mwalimu. Naye yampasa aulizwe na dhamiri yake: kijana huyu ninamfundisha, ama ninamtumia? Mwaka 1921, huko Toronto, Kanada, daktari Frederick Banting alitafuta dawa ya kisukari akisaidiwa na Charles Best, kijana wa miaka 22 aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza shahada yake ya kwanza. Walifanya kazi ile wakati wa joto, wengine wakiwa likizoni. Mwezi wa Januari 1922 insulini ilitiwa mwilini mwa mgonjwa wa kwanza, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa akifa. Mara ya kwanza haikumfaa sana, lakini ilipokwisha kusafishwa vema na James Collip, ikamwinua. Mwaka 1923 Tuzo ya Nobel ilipewa Banting na Profesa Macleod, wala si Best. Banting akaona si haki, akagawana fedha yake na Best. Macleod naye akagawana na Collip. Mwalimu amchukuaye mwanafunzi kuosha vyombo na kuandika hesabu, kisha akalifuta jina lake siku ya kutangaza, amekula jasho la mtu.

Sasa tuwaambie nini vijana? Wasingoje waitwe. Na wasome kwanza yale ambayo mwalimu ameyaandika, kisha wamwendee kwa adabu na swali moja lililofikiriwa, si kwa kuomba cheti. Na wakubali kuanza chini: kuosha chupa, kubandika majina kwenye vikopo vya udongo, kusoma kipimamvua kila asubuhi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na wasiache darasa kwa ajili ya maabara, maana asiyejua yanayojulikana hatatambua lililo jipya litakapopita mbele yake. Na wakikosea, waandike kwamba wamekosea. Daftari lenye kosa lililokiriwa lina thamani kuliko daftari safi la uongo.

Na kwenu wazazi, tunasema hivi. Msikatae upesi, lakini mna haki ya kuelezwa. Mwambieni mtoto awasimulie, kwa maneno ya nyumbani, anatafuta nini, na kitamfaa nani. Akishindwa kueleza, huenda yeye mwenyewe hajaelewa, na ni vema ajue hivyo mapema. Akieleza vema, mwacheni abaki majuma yale. Mpunga utavunwa na waliopo, ijapokuwa kwa taabu. Naye asisahau kwamba waliobaki shambani wamelipa sehemu ya utafiti ule, ijapokuwa majina yao hayataandikwa katika jarida lolote.

Basi je, mlimpeleka kusoma, ama kuwa mtumishi? Mlimpeleka kusoma, na utumishi wa kulitafuta lililo kweli, pasipo kuliongeza wala kulipunguza, ndio kusoma kwenyewe.